Ile rangi chini ya kidole: namna mchezo wa kujenga unavyojua kusema "hapa ndiyo, hapa hapana"

Tangu nilipowaambia kwamba tuko watatu tunaotengeneza mchezo mdogo wa kujenga mji pembeni ya ziwa la Tshangalele, pale Mwadingusha, swali ninaloulizwa zaidi si la picha wala la muziki. Ni hili: ukivuta kidole kwenye skrini kuchagua uwanja, ule uwanja unajuaje kugeuka kijani ao nyekundu hata kabla hujaachia?

Jibu fupi: rangi haijui kitu, inauliza tu. Jibu refu ndilo ninaloandika leo, juu michezo mingi ya kujenga inafanya nusu ya kazi hii na kuacha nusu. Kwa mji wa kubuni hiyo nusu inatosha. Kwa ramani inayofanana na Mwadingusha, haitoshi kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwa ambao hawajawahi kucheza. Mchezo wa kujenga mji uliofungua njia ni SimCity, wa mwaka 1989, kazi ya Mmarekani Will Wright. Kabla yake alikuwa ametengeneza mchezo wa kulipua visiwa kwa helikopta, na akagundua kwamba kuvichora hivyo visiwa kunamfurahisha kuliko kuvilipua. Ramani ya SimCity ilikuwa na vigae 120 kwa 100, yaani 12,000, na kiwanja cha nyumba ulikiweka kimoja kimoja, vigae vitatu kwa vitatu. SimCity 2000, ya mwaka 1993, ikakuwezesha kuvuta: unabonyeza pembe moja, unaburuta, unaachia pembe ya pili, na eneo lote linakuwa la makazi ao la viwanda. Tangu siku hizo mkono ni uleule kwenye karibu kila mchezo wa namna hii. Bonyeza, buruta, achia. Rangi ninayoizungumzia inaishi katikati, kati ya kubonyeza na kuachia. Mara nyingi ni sekunde mbili ao tatu tu.

Kwa nini hizo sekunde zina maana? Fikirieni alama ya X nyekundu. Kule Dar es Salaam kila mtu anaijua: mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa upande wa Kimara kuelekea Kibaha, nyumba ziliwekwa X nyekundu ukutani, kisha zikabomolewa. Kwetu pia ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu si jambo geni, mnajua. Ile X nayo ni rangi inayokuambia kama eneo linafaa. Ila inafika wakati matofali yamekwisha kulipiwa, bati liko juu, watoto wanalala ndani, na ukutani haielezi kitu. Mchezo una nafasi ya kusema neno lilelile mapema, wakati mtu bado anavuta kidole na hajalipa hata faranga moja. Kama tunaitumia hiyo nafasi kuwasha nyekundu tupu isiyoeleza, tumetengeneza X ingine tu, ndogo zaidi.

Sasa hesabu. Msiogope, ni ya shule ya msingi.

Ramani ni gridi, kama daftari la miraba. Kila kigae kina namba mbili: x kwa kwenda kulia, y kwa kwenda chini. Kidole kinapogusa skrini, simu inakupa pikseli, si kigae. Kama kila kigae kina upana wa pikseli 32, unagawa kwa 32 na kuchukua namba nzima ya chini. Hapa kuna mtego unaokamata wanafunzi wengi: ukiwa kushoto ya sifuri (ramani ikisogezwa, inatokea), pikseli -5 ukigawa kwa 32 ni -0.16. Lugha nyingi za programu zikikata desimali zinakupa 0. Lakini kigae sahihi ni -1, maana tunashuka, hatukati. Usipoangalia, kigae cha sifuri kinakuwa na upana mara mbili na utashinda usiku mzima unatafuta kosa kwenye rangi wakati liko kwenye mgawanyo.

Ukisha kuwa na vigae viwili, kile cha mwanzo na kile ambacho kidole kiko juu yake sasa, unapata mstatili. Tuseme mchezaji alianza kwenye (12, 7) na sasa yuko (5, 11), yaani amevuta kwenda kushoto na chini. Usimlazimishe kuvuta kulia tu. Chukua x ndogo, 5, na x kubwa, 12. Y ndogo, 7, na y kubwa, 11. Upana ni 12 toa 5, ongeza 1, sawa na 8. Ile 1 ni kama miti ya uzio: toka mti wa 5 mpaka mti wa 12 kuna nafasi saba lakini miti ni minane. Urefu ni 11 toa 7, ongeza 1, sawa na 5. Nane kwa tano, vigae 40. Kwenye mchezo wetu kigae kimoja ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo hapo mchezaji ameomba uwanja wa mita za mraba 4,000.

Baada ya hapo programu inapita kwenye vigae vyote 40 na kukiuliza kila kimoja maswali. Kazi ya kompyuta ni hiyo tu. Kazi ya mtu ni kuamua maswali gani.

Na hapa lazima niwapeleke Mwadingusha kidogo, kwa ambao wanaijua kwa jina la kituo cha umeme tu. Maji ya Lufira yanazuiwa na bwawa juu ya maporomoko yaliyoitwa zamani Cornet, na nyuma ya bwawa ndiko lilikotokea ziwa la Tshangalele. Kituo kilianza kazi mwaka 1930, wakati wa Union Minière, kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Mitambo yake ilichakaa, ikabadilishwa sita mipya kwa fedha za mradi wa Kamoa-Kakula pamoja na SNEL, na mwaka 2021 yote ilikuwa imerudi kazini, jumla megawati 78. Chini zaidi ya mto kuna Koni. Pembeni ya ziwa kuna vijiji vya wavuvi. Na bonde hilo la Lufira lina sehemu inayotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1982 kama hifadhi ya mazingira hai.

Angalieni basi ni vitu vingapi vinaweza kumzuia mtu kujenga kwenye kipande kidogo namna hiyo. Maji yenyewe. Bomba kubwa zinazoshusha maji kwenye mitambo, na miteremko yake. Nyaya za umeme mkubwa zinazotoka kituoni, ambazo chini yake huweki nyumba. Hifadhi. Shamba ao nyumba ya mtu ambaye yuko tayari pale. Mwinuko mkali karibu na maporomoko. Na kisha kitu cha ajabu zaidi, ukingo wa ziwa, ambao hautulii. Tshangalele halina kina kirefu, kwa hiyo maji yakipanda kidogo tu baada ya mvua yanakwenda mbali. Fanyeni hesabu wenyewe: kama ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 500, maji yakipanda mita moja, ukingo unahama nusu kilomita. Ni vigae 50 kwenye mchezo wetu. Mchezaji aliyejenga mwezi wa saba kwenye nyasi kavu, mwezi wa tatu anapiga kasia sebuleni.

Kile kigae cha nyasi kavu kina rangi gani? Hapo ndipo kijani na nyekundu vinapokwama. Ukisema kijani, umedanganya. Ukisema nyekundu, umedanganya pia, juu watu wanajenga pale, wavuvi wanaweka vibanda vyao pale kila mwaka kwa makusudi na wanajua lini wataondoka. Haikatazwi, ina bei.

Kwa hiyo sisi tuna majibu matatu, na ndiyo sehemu ninayoitetea zaidi katika andiko hili. Jibu la kwanza: unaweza. La pili: huwezi. La tatu: unaweza, lakini kitu fulani kitakuja kukudai. Ukingo wa maji ni wa tatu. Mteremko wa wastani ni wa tatu, maana unajengeka ila msingi ni ghali. Ardhi iliyo mbali na barabara ni ya tatu. Chini ya nyaya ni ya pili, hakuna majadiliano. Mtu akiniambia rangi tatu zinachanganya wachezaji, namjibu kwamba taa za barabarani pale katikati ya Likasi zina rangi tatu pia, zikiwaka.

Swali linalofuata: unapaka rangi mstatili mzima, ao kigae kimoja kimoja? Michezo mingi ya zamani, na ya simu ya leo pia, inapaka wote. Kama kigae kimoja kati ya 40 ni kibaya, uwanja wote unakuwa mwekundu. Ni rahisi kuandika: unapita, ukikuta kibaya unasimama, unawasha nyekundu. Lakini fikirieni upande wa mchezaji. Ameona nyekundu. Anasogeza kidole kushoto, bado nyekundu. Juu, bado. Anabahatisha. Mchezo unajua ni kigae gani kimekwama, umekihesabu sasa hivi, na unanyamaza! Mimi nauona huo kama uvivu wa mtengenezaji, samahani kwa wenye kukwazika. Programu imekwisha kulipa gharama ya kujua. Kupaka vigae 6 nyekundu na vingine 34 rangi ya kufaa hakuongezi kitu chochote cha maana.

Mwalimu wa algorithimu atainua mkono hapa: kupita vigae vyote kila mara si nzito? Kuna njia ya kifahari. Unatengeneza mapema jedwali la jumla, ambamo kila nafasi inahifadhi idadi ya vigae vibaya toka pembe ya ramani mpaka hapo. Halafu idadi ya vibaya ndani ya mstatili wowote, hata uwe mkubwa namna gani, unaipata kwa kusoma nafasi nne tu: unatoa, unatoa, unaongeza. Frank Crow aliitumia kwenye michoro ya kompyuta mwaka 1984. Ni nzuri sana, na kwa mchezo wetu haina kazi. Hata mtu akichagua ramani nzima ya SimCity ile ya kwanza, vigae 12,000, mara 60 kwa sekunde, ni ukaguzi 720,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida inabeba. Kinachokufa ni betri, na dawa yake ni nyepesi: usihesabu kila fremu. Kumbuka kigae cha mwisho ambacho kidole kilikuwa juu yake. Kama bado ni kilekile, usifanye kitu. Kidole kikihama kigae, hapo hesabu. Mtu akituliza kidole kufikiri, programu inapumzika pamoja naye.

Kisha kuachia. Uwanja una vigae 34 vizuri na 6 vibaya, mchezaji anaachia: unafanya nini? Kuna shule mbili. Ya kwanza inakataa yote. Ya pili inachukua vile vizuri na kuruka vibaya. Kwa barabara na kwa kupanda miti napenda ya pili. Mtu anavuta eneo kubwa bila kuhangaika, na miti inajipanga kuzunguka jiwe. Kwa jengo moja kubwa, kwa mfano shule ao hospitali, lazima iwe ya kwanza, nusu ya hospitali haipo. Muhimu ni kwamba rangi iseme kitu kilekile kitakachotokea. Ukipaka nyekundu vigae sita na kisha ukakataa vyote 40, rangi yako imesema uongo kuhusu 34. Kwa majengo ya namna hiyo sisi tunaongeza mstari mzito kuzunguka mstatili wote: mstari ukiwa mwekundu, hakuna kitakachojengwa, ndani bado unaona ni vigae gani vimeharibu.

Bado hatujafika kwenye sababu. Tulipowapa vijana wa mtaani simu yenye toleo la rangi tu, bila maneno, kisha toleo lenye maneno, tofauti ilisikika kwa masikio. Kwenye la kwanza, neno lililorudi lilikuwa moja: "Juu ya nini?" Juu ya nini inakataa? Mmoja alidhani hana pesa. Mwingine alidhani simu imeharibika, akaifuta na shati. Kwenye toleo la pili kuna mstari mmoja mdogo juu ya uwanja: "Vigae 6 viko chini ya nyaya." Ao: "Maji hufika hapa baada ya mvua." Waliposoma, walihamisha uwanja wenyewe, na wawili wakaanza kubishana kama kweli maji yanafika pale, maana mmoja ana shangazi Mwadingusha. Huo ubishi ndio nilikuwa nautafuta.

Kigae kikiwa na sababu mbili, iko chini ya nyaya na pia ndani ya hifadhi, unasema ipi? Sisi tumepanga sababu kwa uzito na tunaonyesha ile nzito tu. Kuonyesha zote kunajaza skrini na hakuna anayesoma. Kwa uwanja mzima tunaonyesha sababu yenye vigae vingi zaidi, pamoja na namba. Ile namba inasaidia kuliko nilivyotarajia: ukiona inashuka 6, 4, 1 unapovuta, unajua unakwenda njia sahihi bila kusoma tena.

Haya, rangi zenyewe. Tatizo la kwanza ni la hapa kwetu kabisa: udongo wa Katanga ni mwekundu. Rangi ya kuchagulia huwekwa juu ya ramani ikiwa nusu wazi, ili uone kilicho chini. Chukua udongo wenye namba 150, 75, 45 (nyekundu, kijani, buluu), weka juu yake nyekundu kamili kwa asilimia 40. Unapata 192, 45, 27. Ni rangi ya tofali. Mchezaji anaona udongo uliolowa kidogo, haoni katazo. Na kijani juu ya majani ya mwezi wa kwanza ni hivyohivyo, kinazama. Wale waliochora michezo hii ya kwanza hawakuwa na udongo kama wetu machoni.

La pili: si macho yote yanatofautisha nyekundu na kijani. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu 1 kati ya 12 ana upungufu huo; kwa wanawake karibu 1 kati ya 200, maana chembe inayohusika iko kwenye kromosomu ya X na mwanamke anazo mbili. Afrika wanaonekana wachache zaidi, lakini wapo, na wengi hawajui, hakuna aliyewahi kuwapima. Kwenye darasa la watu 60 anaweza kuwemo mmoja ao wawili. Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, walitengeneza kundi la rangi linalosomeka na karibu macho yote, na sisi tumechukua mbili kutoka humo: buluu ya kufaa, na nyekundu inayoelekea machungwa kwa kukataza. Ya tatu, ya "unaweza lakini", ni njano.

La tatu watu hawalioni mpaka uwaonyeshe. Tangu SimCity, kijani kwenye ramani ya mji ni makazi, buluu ni biashara, njano ni viwanda. Cities: Skylines, wa Wafini wa Colossal Order, mwaka 2015, ulifuata mila hiyohiyo. Sasa kama kijani ni makazi na kijani pia ni "ruhusa", mtu anayechagua eneo la biashara anaona kijani na kuuliza kwani mchezo umemgeuzia kuwa nyumba? Ni lazima uamue: rangi inasema aina ya kitu ao inasema ruhusa. Haiwezi kusema yote mawili. Buluu yetu na njano yetu nazo zingegongana na mila hiyo, kwa hiyo aina ya jengo tumeiachia picha ndogo, na rangi tumeiachia ruhusa peke yake.

Na juu ya rangi tumeongeza mistari. Kigae kilichokatazwa kina mistari ya mshazari, cha "unaweza lakini" kina nukta, kinachofaa ni kitupu. Simu yenye skrini hafifu, saa sita mchana, jua la mwezi wa tisa, rangi zote zinakuwa kijivu. Mistari inabaki. Mtu akibadilisha skrini iwe nyeusi na nyeupe ili abane betri, mistari inabaki. Kama mna dakika tano tu za kuboresha mchezo wenu, wekeni mistari kabla ya kubishana kuhusu buluu gani ni nzuri.

Kidole nacho. Michezo hii ilizaliwa kwenye kompyuta yenye kipanya, ambapo mshale ni mdogo. Kwenye simu, kidole gumba kinafunika vigae tisa ao kumi na mbili, na ni vilevile unavyotaka kuviona! Kwa hiyo maandishi ya sababu na namba yako juu ya mstatili, si chini ya kidole, na mchezaji akikaribia ukingo wa juu wa skrini yanaruka kwenda chini. Tena kuachia peke yake hakujengi. Kunatokea alama mbili, ya kukubali na ya kufuta, na pembe za uwanja zinaweza kuvutwa tena. Ni hatua moja zaidi, najua, na wachezaji wa kompyuta wanailalamikia. Mwenye simu ya skrini ndogo, ndani ya basi kwenye barabara ya Likasi–Lubumbashi, anaishukuru.

Nimefika kwenye kitu kinachonisumbua, na sijui kama ni cha informatike. Mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao yake Nairobi, iliungana na Mojang, kampuni ya Minecraft, kwenye mradi unaoitwa Block by Block. Kibera ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo: wakaaji walijenga ndani ya mchezo namna wanavyotaka uwanja wa Silanga uwe, na wapanga miji wakaangalia. Pale mchezo uliacha kuwa mchezo. Minecraft haina nyekundu inayokukataza kwenye ramani. Unaweka tofali, limekaa. Mchezo wetu unayo. Na ramani yetu, hata kama tumeirahisisha na si ramani ya kadasta, ina jina la mahali ambapo watu wanalala leo usiku. Tukipaka kipande cha ukingo rangi ya kukataza, kijana wa Mwadingusha akifungua simu anaona kijiji cha shangazi yake kimewekewa katazo na wanafunzi watatu ambao hakuna aliyewatuma.

Tulilijadili hilo jioni mbili. Mmoja wetu alisema tubadilishe jina la ziwa, yaishe. Mimi nilikataa, juu bila jina, ule ubishi wa kuhusu maji yanafika wapi haungetokea. Tulichokubaliana ni sheria mbili. Ya kwanza: mahali ambapo watu wanaishi kweli hapapewi rangi ya kukataza kwa sababu ya maji. Panapewa njano yenye nukta, na maneno yanasema maji hufika, hayasemi ondoka. Ya pili: rangi ya kukataza lazima iwe na sababu ambayo mtu anaweza kwenda kuiangalia kwa macho. Waya uko pale, unauona. Bomba liko pale. Kama sababu ni mstari ambao mtu wa ofisi alichora na haupo popote ardhini, haingii kwenye mchezo mpaka tujue ulichorwa kwa nini.

Mwenzetu wa picha anasema sheria ya pili itatuletea shida na hifadhi, maana mpaka wa hifadhi hauonekani ardhini. Ana haki. Kwa sasa vigae vya hifadhi tumevipa sababu yake: "Hifadhi tangu 1982", na picha ya ndege wa majini.

Kinachobaki ni msimu. Mchezo unaanza mwezi wa saba, maji yameanza kushuka, na kila mwezi ukingo unahama. Tungeweza kuhesabu rangi kwa maji ya siku hiyo tu. Ni rahisi, na mwezi wa kumi ukingo wote ungekuwa buluu safi ya kufaa. Badala yake kila kigae kina namba moja iliyohifadhiwa, nayo ni kimo cha juu ambacho maji hufika. Kigae kinaulizwa kuhusu namba hiyo, hakiulizwi kuhusu leo. Mchezaji akianza kuvuta uwanja karibu na ziwa, mstari wa nukta unawaka juu ya nyasi kavu kuonyesha maji yatasimama wapi, na ukipita mstari huo njano inaanza. Akiachia, unazimika.